Wakili Kanze na Matanga ya Pili ya Mzee Menza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mjini Malindi. Duka la vitambaa la chini bado limefungwa, lakini ngazi ya ubavuni imekwisha kujaa watu. Wamekaa kidato kwa kidato, mikono magotini: mpishi aliyeachishwa kazi hotelini, mwanamke wa kubangua korosho mwenye mtoto mgongoni, vijana wawili wa Gongoni ambao nyayo zao zimepasuka kwa chumvi. Hakuna anayeongea kwa sauti. Anayekohoa anaziba mdomo kana kwamba yumo kanisani.

Mwanamke mwembamba anapanda akiwapita mmoja mmoja. Nywele kasuka mistari, mkoba wa ngozi uko kwapani, kiatu kimoja kinaburura kwa sababu kisigino kimelegea. "Shikamoo, mzee. Shikamoo. Hamjambo nyinyi vijana?" Anafika juu, anafungua kufuli, anageuka.

"Nani wa kwanza leo?"

"Mimi, Bi Wakili," anajibu mpishi. "Lakini huyu mama ana mtoto. Mwache aanze yeye."

"Haya mama, ingia. Lakini usinieleze kwanza. Nionyeshe."

Mama wa korosho anaduwaa. Aonyeshe nini? Karani wa ofisi, Bwana Ochola, aliyekwisha kuketi nyuma ya mashine yake ya chapa, anamwelekeza kwa kidevu katikati ya chumba. "Onyesha kazi yako, mama. Kama vile uko kiwandani." Basi mama anachutama sakafuni, anashika korosho isiyokuwapo, anaipiga kwa nyundo isiyokuwapo, anaichokoa, anaitupa kwenye beseni lisilokuwapo. Anafanya hivyo mara nyingi. Mwishoni anashika kiuno na kusimama kwa taabu, na hapo Kanze anachukua kalamu.

"Sasa niambie," anasema. "Hicho kiuno, ulimwambia msimamizi?"

Hivyo ndivyo anavyofanya kazi Jedida Kanze, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, wakili wa kesi za wafanyakazi. Mawakili wengine wa pwani hii wana kesi za mashamba, mirathi na hoteli zinazouzwa. Yeye amejifunga na watu waliofukuzwa.

"Mtu aliyefukuzwa kazi huja na hasira," anasema. "Ukimwacha aanze kusema, atakuhadithia matusi aliyotukanwa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na utajaza karatasi tatu hujajua kazi yake ilikuwa nini. Akinionyesha, hasira inatulia. Namwona kama alivyokuwa kabla hawajamtoa."

Anatoza shilingi mia mbili kufungua faili. Zaidi ya nusu ya wateja wake hulipa kidogo kidogo, na wako wanaoleta nazi, mihogo au kuku aliyefungwa miguu. Wenzake wa Mombasa wakikutana naye mahakamani humtania: "Kanze, kuku wako wanataga?" Naye hucheka nao, kisha anaingia ndani kupambana. Kodi ya chumba imempita miezi miwili, na gari hana. Kwenda Kilifi hupanda basi kama wateja wake.

Alizaliwa upande wa Ganze, mtoto wa pekee wa mwalimu wa kanisa. Kwao hapakuwa na mganga wala tembo la mnazi. Palikuwa na Biblia, ubao wa kuandikia na fimbo. Baba yake ndiye aliyesema binti huyu atasoma mpaka shule ziishe. Alisoma mpaka Nairobi, akatoka na sheria. Akaajiriwa Mombasa kuhamisha hati za viwanja, na mwaka 1981 akaamua kwamba amechoshwa na viwanja, akaja Malindi.

Lakini kesi iliyomtangaza pwani hii, kutoka Gongoni hadi Bofa na kushuka mpaka Junju, si ya korosho wala ya hoteli. Ni kesi ya mtu aliyeambiwa kuwa amedanganya kwamba baba yake amekufa, ilhali baba yake amekufa kweli.

Usistaajabu, msomaji. Jambo lenyewe halina mafumbo, ila linauma.

Charo Menza, ambaye leo ana miaka arobaini na minane, alikuwa msimamizi wa pampu katika kiwanda kimoja cha chumvi karibu na Gongoni kwa miaka kumi na sita. Kazi yake ilikuwa kuyavizia maji. Yakija maji ya bamvua, bahari inapojaa mpaka kwenye mikoko, pampu huwashwa na maji huvutwa kuingizwa bwawa la kwanza. Siku hizo chache zikipita bila ya maji kuingia, bahari hurudi nyuma, na mabwawa hukaa makavu yakingoja bamvua jingine.

Mwezi wa Mei 1985 baba yake, Mzee Menza, alifariki nyumbani kwake upande wa Marafa. Na kampuni, tuseme haki, ilionyesha utu. Meneja wa wafanyakazi, Bwana Kamande, mtu wa Murang'a aliyekuwa ameishi pwani miaka saba, alitoa lori libebe mbao za jeneza na wafanyakazi. Akaenda mwenyewe. Alisimama kaburini katikati ya watu asiojua lugha yao, akatupa udongo, akaaga, akarudi Gongoni na lori lake kabla ya jua kuzama.

Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, katika juma la bamvua, Charo alipita langoni asubuhi na kumwambia bawabu: "Mwambie Bwana Kamande naenda kwenye matanga ya baba. Juma lijalo nitakuwa hapa." Akashika njia.

Lo! Habari hizo zilipomfikia, Kamande alimgeukia bawabu.

"Matanga ya baba? Baba gani?" ndivyo anavyokumbuka kuuliza. Kamande amekubali kuzungumza kwa ajili ya makala haya, na anazungumza taratibu, akikunjakunja kofia yake. "Mimi mwenyewe nilimwona yule mzee akiingia ardhini. Lori lilikuwa langu, udongo nilitupa kwa mkono huu. Halafu baada ya miezi mitano mtu ananiambia anaenda kumzika tena? Nilifikiri ananichezea. Nilifikiri ananiona mjinga kwa sababu nilimwonea huruma mara ya kwanza."

Maji ya bamvua hayakuvutwa. Kijana aliyewekwa badala ya Charo aliiwasha pampu ikameza matope, ikazima. Mabwawa yalikauka. Charo aliporudi, kichwa kimenyolewa, alizuiwa langoni akaelezwa kwamba hana kazi tena, na kwamba sababu iliyoandikwa ni kudanganya kuhusu kifo cha mzazi wake.

Hapa ndipo watu wawili walipokosana bila ya yeyote kuwa mwongo. Miongoni mwa Wagiriama kuna matanga mabichi na matanga mabivu. Mabichi ni yale ya maziko, watu wanapolia kwa ghafla. Mabivu huja baadaye, baada ya miezi, pengine baada ya mwaka, nafaka ikiwa imevunwa na ukoo umejikusanya. Hapo ndipo msiba unapofungwa, vitu vya marehemu vinapogawanywa, na watu wanaporuhusiwa kuendelea na maisha. Asipokuwapo mtoto mkubwa wa kiume, katika ukoo wa kina Menza, matanga hayafungwi.

"Nilidhani Bwana Kamande anajua," anasema Charo. "Si alikuwapo? Alituona hatujamaliza. Kwani alidhani tumemtupa mzee shimoni tukatawanyika? Na kwetu mtu haombi ruhusa ya kwenda msibani. Unaarifu, unakwenda. Hata adui yako ukimwambia nina msiba, anakupisha njia."

Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa hilo tu: kudhani kwamba jambo analolijua kila mtu wa kwao linajulikana na kila mtu.

Alipoteza mengi. Nyumba ya kampuni alitakiwa aihame, yeye na mkewe na watoto watano, wakarudi Marafa. Viwanda vya chumvi vya upande huo vyote mameneja wake wanafahamiana, kila alipopeleka miguu yake aliulizwa, "Wewe si ndiye yule uliyemsingizia baba yako kifo?" Na huko kijijini maneno yalifika yakiwa yamegeuka. Kumsingizia mzazi kifo ni kumwombea afe. Wakaanza watu kunong'ona kwamba huenda Charo alisema uongo huo zamani, mzee akiwa hai, na ndipo mzee akafa. Jirani mmoja alikataa kunywa maji nyumbani kwake.

"Hilo ndilo lililonileta kwenye ngazi ya Bi Wakili," anasema. "Njaa ningeivumilia."

Kanze anaikumbuka siku hiyo. Alimwambia amwonyeshe kazi, na Charo akasimama katikati ya chumba, akatega sikio kana kwamba anasikiliza maji, akainama, akafungua valvu kwa mikono miwili, akangoja, akaweka kiganja juu ya pampu kuhisi inavyotetemeka. Bwana Ochola aliacha kuchapa. Mtu alikuwa anaitazama bahari ndani ya chumba cha futi kumi.

Kisha Charo akasimama wima. "Hiyo ndiyo kazi yangu, Bi Wakili. Lakini sikuja kwa ajili ya kazi."

Kampuni ilikuwa tayari imesema itamlipa mishahara ya miezi mitatu iwapo atakubali mambo yaishe. Kanze, kama wakili yeyote mwenye akili timamu, alimshauri achukue. Alimweleza wazi: hata wakishinda, hakimu ataamuru alipwe fedha za notisi na siku zake za likizo, basi. Sheria ya leo haimpi hakimu wa Malindi uwezo wa kumrudisha mtu kazini kwa nguvu, wala haina kifungu cha kumrudishia mtu heshima.

"Chukua, kaka Charo," alimwambia. "Waombe radhi kwa maneno mawili, chukua, ukaanze biashara ndogo."

Charo hakuinua sauti. "Radhi ya nini, dada yangu? Ya kumzika baba?" Akaketi. "Nikizichukua hizo fedha, nimekubali. Mimi nataka mtu mkubwa, mwenye kiti chake, aseme mbele ya watu kwamba sikumsingizia baba yangu kifo. Akisema hivyo, asinipe hata senti."

"Nilikasirika," anakiri Kanze. "Nilimwambia hapa si kwa mzee wa kaya anayesafisha jina la mtu, hapa ni mahakamani, tunadai vitu vinavyohesabika. Alipoondoka, Ochola akaniuliza, 'Mama, huyu ni mteja au ni adhabu?' Tukacheka. Lakini usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nikamtumia salamu kwamba nitaichukua kesi."

Ilichukua mwaka mzima. Afisa wa leba aliwaita pande mbili wakae meza moja, hawakuafikiana. Kesi ikaahirishwa mara nne: mara hakimu yuko likizo, mara faili halionekani, mara wakili wa kampuni ana homa. Kila mara Charo alitembea kutoka Marafa mpaka barabarani kutafuta basi, akafika Malindi akiwa amevaa shati lilelile jeupe, akaambiwa arudi mwezi ujao. Hakulalamika. Kanze ndiye aliyekuwa akilalamika kwa niaba yake, tena kwa sauti, mpaka makarani wa mahakama wakawa wanamkwepa kwenye varanda.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa Novemba mwaka jana. Chumba kilijaa watu wa chumvi, waliokuja bila ya kuitwa. Kamande alipanda kizimbani, akaapa, akaeleza kama alivyoeleza hapa, kwa ukweli na kwa uchungu. Wakili wa kampuni akaketi ameridhika. Kwa hakika ilionekana kesi imekwisha: mzee alizikwa Mei, shahidi alikuwapo, Oktoba hapakuwa na mtu wa kuzikwa.

Kanze alisimama.

"Bwana Kamande, unaweza kuionyesha mahakama ulichofanya kaburini?"

Wakili wa kampuni akapinga. Hakimu, mtu mzima asiyependa maigizo, akatafakari, akasema, "Aonyeshe." Kamande akainama pale kizimbani, akakusanya kiganja cha udongo usiokuwapo, akautupa.

"Halafu?"

"Halafu nikaaga."

"Ulimuaga nani?"

"Mama mzazi wa Charo. Mjane."

"Alikuwa wapi?"

"Ndani. Alikuwa amelazwa chini, kwenye mkeka. Hakunijibu."

"Halafu?"

"Halafu nikaondoka. Lori lilikuwa linahitajika kazini."

Hapo Kanze alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu, mkono umeshika meza, mpaka hakimu akamtazama juu ya miwani na watu wakaanza kugeukiana. Wakili wa kampuni alitabasamu. Ilionekana bibi huyu amefikia mwisho wa maswali yake.

Lakini siyo maswali yaliyomwishia. Ni kwamba alikuwa amejiona. Mwaka 1974, Kanze akiwa katika mitihani ya mwisho Nairobi, baba yake mwalimu alifariki. Alisafiri kwa basi usiku kucha, akafika Ganze asubuhi, kanisa likazika adhuhuri kwa nyimbo nzuri, akatupa udongo. Jioni hiyohiyo alipanda basi kurudi, kwa sababu kesho yake kulikuwa na mtihani. Alimwacha mama yake amekaa chini, mgongo ukutani. Kanisa lao halikubali matanga ya pili. Hayakufanywa, na hakuna aliyeyazungumza tena.

"Nilikuwa namuuliza Kamande," anasema, na sauti yake inakuwa ndogo, "nikajisikia mimi ndiye niliyepanda lile lori."

Alipopata tena sauti, aliuliza mawili tu.

"Bwana Kamande, yule mama aliondoka kwenye mkeka siku gani?"

"Sijui."

"Nani aliyemwinua?"

"Sijui, mheshimiwa. Sikuwapo."

Kisha akaitwa shahidi wa mwisho, Mama Charo. Aliingia akiongozwa, kikongwe wa kimo kifupi, kanga mbili, miguu mitupu. Alizungumza Kigiriama na mkalimani akatafsiri. Hakimu alimwuliza kama anajua maana ya kiapo. Akajibu kwamba yeye ana umri wa kutokuwa na faida tena ya kusema uongo. Watu wakacheka kidogo.

Alisema hivi, na mkalimani aliyatafsiri polepole: mume wake alipozikwa, yeye alilazwa kwenye mkeka chini, na pale chini alikaa miezi mitano. Hakupanda kitandani, hakwenda kisimani, hakuingia nyumba ya mtu. Kwao mjane hajiinui. Matanga yanapoiva, mtoto mkubwa wa kiume huingia, humshika mkono, humsimamisha na kumtoa nje mbele ya watu. Kabla ya hapo mume wake, kwake yeye, alikuwa bado hajazikwa.

"Kama mwanangu hangekuja mwezi ule," alisema, "ningekuwa pale chini mpaka leo. Mnamwambia mwongo kwa sababu alikuja kuniinua?"

Aligeuka akamtazama Kamande. Hakumtazama kwa ubaya. "Huyu bwana namkumbuka. Aliniaga. Sikuweza kumjibu, mjane haongei siku ile. Mwambieni namjibu leo. Ahsante kwa lori."

Bwana Ochola, ambaye ni mtu wa Siaya na amesikia kesi nyingi, alitoka nje. Anasema alikwenda kutafuta maji ya kunywa.

Hukumu ilisomwa mwezi wa Februari mwaka huu. Ilikuwa fupi. Hakimu alisema kampuni ilikuwa na haki ya kukasirika kwa maji yaliyopotea, na Charo alifanya uzembe kutotoa taarifa mapema wakati wa bamvua. Akaamuru alipwe notisi na likizo, kiasi kilicho chini ya kile alichokikataa. Kisha akavua miwani na kusoma sentensi moja bila ya kuitazama karatasi: kwamba mahakama imeridhika kuwa Charo Menza hakudanganya kuhusu kifo cha baba yake, na yeyote aliyesema hivyo alikosea.

Charo alimwomba mkalimani arudie kwa Kigiriama. Mama yake alikuwa amekaa nyuma na hakusikia vizuri. Mkalimani akamtazama hakimu, hakimu akaitikia kwa kichwa, na maneno yakarudiwa kwa sauti. Kikongwe akapiga makofi mara moja, basi.

Kazi yake ya pampu Charo hakurudishiwa. Tayari kuna mtu mwingine. Lakini wiki tatu baada ya hukumu kiwanda kingine jirani kilimwita, na sasa ndiye anayeyavizia maji huko. Yule jirani aliyekataa maji nyumbani kwake alikuja, akaomba maji, akanywa mbele ya watoto.

Na Kamande? Jumatatu moja asubuhi alionekana kwenye ile ngazi ya Malindi, amekaa kwenye foleni katikati ya watu waliofukuzwa, wengine kwa mkono wake mwenyewe. Zamu yake ilipofika, Kanze alidhani ameletwa na kesi nyingine.

"Sina kesi," alimwambia. "Nimekuja kuuliza. Mtu akitaka kumwendea yule mama kumwomba radhi, anakwenda na nini?"

"Nenda na kanga na sukari," Kanze alimjibu. "Na usiwe na haraka ya kuondoka."

Alikwenda. Alilala huko siku mbili. "Kwetu mtu akizikwa amezikwa," anasema Kamande. "Sikujua kuna watu wanaozika polepole. Sasa mfanyakazi akiniambia ana matanga, namwuliza mabichi au mabivu, na bamvua ni lini, tunapanga. Ni swali tu. Ningaliuliza siku ile, yasingalitokea haya."

Tukirudi kwenye chumba cha juu ya duka la vitambaa, foleni ya leo imepungua. Mpishi ameonyesha anavyokata kitunguu na amekwenda zake na matumaini kidogo. Vijana wa Gongoni wamebaki, wakionyesha jinsi wanavyokokota chumvi kwa reki, mmoja akimsahihisha mwenzake. Kanze anaandika. Jua limepanda na chumba kimekuwa moto.

Anaulizwa anatumaini nini, wakili aliyeshinda kesi isiyokuwa na fedha. Anasema angependa sheria ibadilike, hakimu aweze kumrudisha mtu kazini. Angependa pawe na mahakama ya wafanyakazi huku huku pwani, badala ya watu kusafiri mpaka Nairobi. Anasema haya haraka haraka, kama mtu aliyeyasema mara nyingi. Kisha anaiweka kalamu.

"Mwezi wa Agosti nafunga ofisi," anasema. "Juma zima. Sijawahi kuifunga tangu nije Malindi."

Bwana Ochola anaguna nyuma ya mashine. "Nimekwambia, mama. Wateja watakimbia. Na kodi je?"

"Na mimi nimekwambia, Ochola. Siombi ruhusa. Naarifu."

Anakwenda Ganze. Hakutakuwa na ngoma wala tembo, kwa kuwa mama yake bado ni mtu wa kanisa, na mchungaji amekubali kwa masharti kwamba zitaimbwa nyimbo za Mungu. Watapika, majirani watakaa, vitabu vya mwalimu vitagawiwa wanafunzi wake wa zamani, wale walio hai. Kanze atanyolewa hizi nywele alizosuka. Ndugu wa kiume hana, na wajomba wamenung'unika, lakini yeye ndiye mkubwa, tena ndiye pekee.

"Mama analala kitandani miaka yote hii," anasema. "Anapika, analima, anaimba kwaya. Ungemwona ungesema yule msiba ulikwisha zamani. Lakini hakuna aliyemwinua. Alijiinua mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa na mtihani."

Alikuwa akiogopa kumwambia. Alidhani mama atakataa, atasema ni mambo ya kishenzi, baba yako asingependa. Mwezi uliopita alikwenda, akamwambia wakiwa jikoni, bila ya kumtazama usoni. Mama yake aliendelea kupepeta mchele mpaka ukaisha.

Asubuhi Kanze alipotoka nje kunawa uso, alimkuta mama yake uani. Alikuwa ametoa mkeka wa zamani darini, ameupiga vumbi, na alikuwa akiutandaza juani.